Samaki Wawili wa Ijumaa

Dada Winifrida wa ghorofa ya tatu, mgeni wa jengo hili kama mimi, ndiye aliyeniambia, tukisubiri lifti hapa Thamesmead, London, kwamba Mzee Thadei ana mwanamke wa Kizungu anayemficha.

"Kila Ijumaa ananunua samaki wawili na chipsi za watu wawili," alisema. "Na anaishi peke yake! Huyo samaki wa pili analiwa na nani, jini?"

Nilicheka tu. Mimi nampita mzee kila Ijumaa nikitoka kumchukua binti yangu Marion shuleni. Anakaa kwenye benchi mbele ya jengo letu, koti limefungwa mpaka kidevuni, karatasi ya chipsi iko mapajani, chupa ya chai pembeni. Samaki ni wawili kweli. Mwanamke sijamwona.

Namwamkia shikamoo, anaitikia marahaba, halafu anasema, "Karibu, mama Marion."

Nami najibu kama mama yangu alivyonifundisha, "Asante baba, nimeshiba," napita. Chakula cha mtu unakaribishwa, unashukuru, unakwenda zako, hata kama tumbo linanguruma. Na langu linanguruma mara nyingi. Baba Marion yuko kwenye shifti zake za uwanja wa ndege, anarudi tumelala, na mimi nimezoea kula alichobakiza mtoto, nimesimama jikoni.

Ijumaa iliyopita lifti iliharibika. Marion akagoma kupanda ngazi, akaenda kukaa kwenye benchi lile lile kama kwao. Ikabidi na mimi nisimame hapo. Mzee akampa chipsi. Marion akaigeuza geuza, akauliza kwa Kiingereza mbona imelegea.

"Mwambie hii siyo ya Dar," mzee akaniambia. "Chipsi za kwetu zina haraka, zinataka zisifiwe zikiwa za moto. Hizi unazifunga na siki yake, zinatulia humo ndani, zinapata adabu."

"Na zile njegere wanazoziponda, baba?"

"Usizicheke! Fumba macho, utaona zimekosa ugali tu."

Mzee Thadei ni mtu wa Mbinga. Miaka thelathini alifua mashuka ya hospitali hapa London, na ni Mkatoliki wa kweli, Ijumaa hagusi nyama. "Waingereza wengi kanisa wameliacha," alisema, "lakini samaki wa Ijumaa hawajamwacha. Hapo nawaheshimu."

Akanimiminia chai kwenye kifuniko cha chupa. Nikapokea, chai siyo chakula.

"Nilipofika nilidhani wananidharau," akaendelea. "Maji ya moto, kifuko cha majani, maziwa ya baridi juu yake. Hakuna kuchemsha, hakuna tangawizi! Nikasema, hawa chai imewashinda. Halafu nikaona pale hospitali: mtu kafiwa, anapewa kikombe. Kapona, kikombe. Bosi anataka kukufukuza kazi, kwanza kikombe. Kumbe chai wanaitumia kumkalisha mtu. Sasa ile yetu ya kuchemsha na maziwa siiwezi tena, inanilaza."

Nilikuwa natazama karatasi. Samaki mmoja alikuwa ameliwa nusu. Wa pili hakuguswa, na uma mdogo wa mti umelazwa juu yake.

"Huyu ni wa nani, baba?"

"Wa Ann."

Ann alikuwa mama wa Kiingereza wa ghorofa ya chini, mjane. Ijumaa moja alipita hapo na mfuko wake wa sokoni, na mzee, kwa mazoea ya kwetu, akamwambia karibu.

"Nilitegemea aseme asante aende. Akakaa! Akamega samaki! Mama Marion, samaki alikuwa mmoja, na mimi tangu asubuhi sijatia kitu mdomoni." Alicheka mpaka akakohoa. "Ijumaa iliyofuata nikanunua wawili, naye akatoka na birika la chai limevalishwa sweta lisipoe. Hivyo hivyo miaka kumi na moja."

Mwezi wa tatu, kabla sisi hatujahamia hapa, binti wa Ann alimhamishia mama yake kwenye nyumba ya wazee, mbali, karibu na bahari. Mzee alipanda treni mbili kwenda kumwona. Ann hakumtambua, alimwita jina la mtu mwingine. Ila alimmiminia chai, na bila kuuliza akatia sukari vijiko viwili, kama mzee anavyopenda.

"Kwa hiyo huyu samaki..."

"Nampasha moto Jumamosi. Anakuwa kama soli ya kiatu." Akakunja pembe ya karatasi, akaikunjua. "Leo Mohinder, wa duka la samaki, kaniuliza, mzee, nikufungie bado wawili? Nimezoea kusema ndiyo. Leo nimesimama pale, watu nyuma yangu kwenye foleni, mdomo umekataa. Akafunga wawili mwenyewe."

Nikamwambia Marion ashukuru, twende. Nikamrudishia kifuniko cha chai, nikamshika mtoto mkono. Tulikuwa tumefika mlangoni aliposema, "Karibu, mama Marion," kana kwamba ndiyo kwanza napita.

Nikageuka. "Asante baba, nime..."

"Ngoja," alisema. Alikuwa ameshasogeza chupa chini, na upande wa pili wa benchi ulikuwa wazi. "Nakuomba kitu kimoja, mwanangu. Ijumaa ijayo Mohinder ataniuliza tena, na mimi nataka nimwambie wawili. Nikikukaribisha usiniambie umeshiba. Kaa."