Kisima cha Tata Ntambwe

Kazi ya Ntambwe, fundi wa pampu mgodini Kolwezi, ilikuwa kutoa maji chini ya ardhi ili wachimbaji wasizame. Mgodi ulipodorora na kazi kuisha, akaanza kuyarudisha. Kila msimu wa mvua aliyachuja maji ya paa kwa mchanga na kokoto, kisha akayashusha katika kisima kirefu cha uani, yapenye ndani ya mwamba.

"Tata Ntambwe, unanywesha mawe?" jirani yake Mama Ndaya alimtania.

"Mi naweka maji ya kiangazi, mama."

Mwaka 1993 watu wenye asili ya mkoa wa Kasai, Ntambwe akiwa mmoja wao, walifukuzwa Kolwezi. Kabla ya kupanda treni na mkewe Laurentine, Ntambwe alimfundisha Mama Ndaya kuosha ule mchanga.

Walirudi baada ya miaka sita, mwezi wa Septemba, mabomba ya mtaa yakiwa makavu. Ntambwe alisita langoni, asijue kama atapokelewa. Uani aliwakuta wanawake kwenye foleni, wakiimba. Mama Ndaya aliitupa ndoo, akamkimbilia.

"Tata! Kisima haikukauka hata mwaka moja! Na nyumba yenu tuliwachungia!"

Laurentine alipiga vigelegele. Ntambwe alikunywa kikombe kizima, akacheka huku machozi yakimtoka.

Wiki iliyofuata watu wa kitongoji cha Mutoshi walimtuma mwenye baiskeli aje kumchukua, akawafundishe kutengeneza kisima kama chake. Ntambwe alikaa nyuma, koleo begani, akipiga mluzi njia nzima.