Kidole Kwenye Kopo la Ua

Enzi zetu pale Mtoni, ua la sebuleni lilikuwa na heshima kuliko sie watoto. Letu lilikuwa lile la kutambaa, lenye majani ya umbo la kopa ya karata, limepandwa kwenye kopo la rangi karibu na mlango. Lilipanda dirisha, likazunguka ukuta juu ya kabati la vyombo, likakaribia kurudi lilikotoka. Kila Jumamosi tulipangusa majani yake moja moja kwa kitambaa chenye maji, na ole wako ulichane. Mie niliwahi kuchapwa kwa jani moja tu, na wala sikuona kuwa nimeonewa.

Siku moja akaingia Mama Salome, jirani yetu mtu wa Moshi, kuomba kiberiti. Akasimama katikati ya sebule, akashika kiuno, akasema tangu aje Dar hajaona ua zuri namna ile. Akachukua kiberiti, akaenda zake. Hakusema mashallah. Kwao hawakuwa na desturi hiyo, lakini mama alibaki anautazama mlango kwa muda. Wiki haikupita, majani yakaanza kuwa ya njano.

Mama hakugomba, na angegomba ingekuwa afadhali. Alifukiza ubani, akaning'iniza kitambaa cheusi dirishani, akazidisha maji, halafu akanikataza kukanyaga kwa Mama Salome. Salome alikuwa mwenzangu wa rede, hakuna aliyeukwepa mpira wa soksi kama yeye, na kwao saa kumi kulikuwa na makande. Nikawa nakaa ndani nawasikia wenzangu wanacheza, sina kazi ila kulitazama ua lililoniponza. Niliumia sana siku zile.

Kulitazama huko ndiko kulikonifungua macho. Yaliyougua yalikuwa majani ya chini tu, ya juu mazima kabisa. Nikajiuliza, kijicho gani hiki kinaanzia chini, wakati Mama Salome alikuwa ameinua uso juu? Tena hayakukauka. Mrehani wetu ukipata kiu, majani hulegea na kukauka pembeni. Haya yalikuwa laini kama mkate uliochovywa kwenye chai. Nikaficha moja ndani ya daftari la hesabu, nikapita nyuma ya nyumba kisirisiri.

Mama Salome alikuwa uani anachambua maharage. Nikamwamkia. Hakuuliza kwa nini nilipotea. Nadhani alijua, na ilimuuma. Aligeuza lile jani huku na huku, maana alikulia migombani na mambo ya majani aliyajua, akauliza yanaanza kuumwa ya juu au ya chini. Nikamwambia ya chini.

"Kachomeke kidole kwenye udongo," akasema, "mpaka kiungo cha pili. Halafu ukinuse."

Udongo ulikuwa tope, na kidole kilinuka mtaro. Ua lilikuwa linazama. Lakini maji yote yale yalitoka wapi, na mama alimwagilia asubuhi tu? Nikajibanza nyuma ya kochi. Ikaadhiniwa adhuhuri. Babu mzaa baba, aliyehamia kwetu kuuguza mguu wiki ileile ya kiberiti, akatawadha amekaa kwenye kigoda chake pale mlangoni, maji yakiingia kwenye beseni. Alipomaliza akalimimina lote kwenye kopo, taratibu, kama anamnywesha mgonjwa. Babu hakutaka maji ya udhu yakanyagwe. Na alitawadha mara tano kwa siku.

Nikamfuata mama jikoni, nikamweleza habari ya maji ya babu, nikamnyooshea kidole anuse. Akanusa, kisha akaniuliza nani kanifundisha. Nilitamani kudanganya. Nikasema ni Mama Salome. Mama akaketi kwenye mbuzi ya nazi, akausahau wali mpaka ukaanza kunuka kuungua.

Alasiri ile alilipindua kopo na kukuta halina tundu hata moja. Akalitoboa kwa msumari, akakata mizizi iliyooza, akabadilisha udongo na kuuchanganya na mchanga. Kumwambia mkwewe aache kumimina hakuweza, nani angethubutu. Ua akalihamishia dirisha la pili, na karibu na kigoda akaweka kopo la mrehani alilolitoboa kama chujio. "Baba, huu una kiu," akamwambia. Babu akafurahi kupewa kazi.

Kesho yake mama akakata kitawi cha ua, akajitanda kanga, akanibebesha sahani ya vitumbua. Mlangoni kwa Mama Salome alisema maneno machache: "Jirani, nilikudhania vibaya. Nisamehe." Mama Salome akakipokea kitawi kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo kila akiingia kwetu alianza na mashallah kabla ya salamu. Akiona birika, mashallah. Akimwona paka, mashallah. Mpaka mama akamwomba apunguze.

Mwezi uliopita ua langu la hapa Bunju, uzao wa lile la Mtoni, lilianza unjano. Binti yangu akalipiga picha, simu ikamtajia magonjwa saba na dawa za kuagiza. Nikamwambia achomeke kidole. Akazitazama kucha zake za saluni, akaniuliza kwa upole kama hakuna njia nyingine. Nikachomeka mwenyewe. Tope. Kumbe mie namwagilia asubuhi, yeye jioni, na tunaishi nyumba moja bila kuambiana.

Sasa limepona, limezunguka sebule nzima, na hakuna wa kuliona. Ukuta wangu wa nje ni mrefu, jirani namjua kwa honi ya gari lake, na hakuna anayekuja kuomba kiberiti. Namkumbuka Mama Salome amesimama katikati ya sebule yetu, ameshika kiuno. Natamani mtu aingie hivyo kwangu, alitazame ua langu, alisifu, hata asiposema mashallah.