Siku Barafu Yangu Ilipotoka na Mkia

Hata leo nikipita Magogoni, mtaa wa skuli yetu, najifunika mtandio usoni, si kwa jua bali kwa aibu, basi heri niwahadithie mwenyewe kabla hamjahadithiwa na watu.

Nafundisha jiografia, na wakati ule nilikuwa mwalimu wa kibarua tu, siku ya wazazi ndiyo ingeamua kama nabaki au naondoka. Nikachagua kuelezea pwani za ncha ya kaskazini ya dunia, kule ambako chini ya udongo kuna mapande ya barafu makubwa kama majumba, na wataalamu wangali wanabishana: ni mabaki ya barafu ya kale iliyofunikwa na udongo, au ni maji yaliyopenya ardhini yakagandia mumo humo? Nikatia ndoo ya udongo na maji kwenye friza, nionyeshe hilo la pili. Stima ikapotea (mwaijua stima yetu), asubuhi nikakuta tope. Badala ya kusema ukweli nikakimbilia kwa muuza samaki, nikanunua pande la barafu, nikalifukia ndooni, huyo skuli.

"Hii, wazazi wangu, imejigandia yenyewe udongoni!" nikasema kwa madaha, nikapindua ndoo. Udongo ukamwagika, barafu ikabaki inang'aa, na ndani yake, wallahi, mkia wa samaki.

Mama mmoja aliyekaa mbele akauliza, "Mwalimu, na huyo changu naye kajigandia?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Nisameheni," nikasema, "nimewadanganya. Barafu hii nimeinunua, nimeifukia leo asubuhi."

Mwalimu mkuu, Bi Rukia, akasimama, nami nikajua kazi imekwenda. Akaniuliza, "Na hao wataalamu, hujuaje ipi ilifukiwa na ipi iligandia papo hapo?"

"Hutazama kilichonaswa ndani," nikajibu, sauti karibu ya kulia. "Mapovu ya hewa, mchanga, mawe..."

"Kama tulivyotazama sisi," akasema, na kicheko kikamshinda hata yeye. "Endelea, mwanangu. Leo hakuna asiyeelewa."

Alhamdulillahi! Barua ya kazi niliipata wiki ile ile, nikakaa kwenye ngazi za ofisi nikalia kwa nafuu niliyoipata. Lakini nimejiapia: jaribio likinishinda, nasema limenishinda, hata mbele ya mkaguzi.