Spika za Vuthy na Moyo wa Bibi Thavry

Mimi ndiye Vuthy mwenye spika. Upande wetu huu wa Battambang, Kambodia, hakuna harusi wala karamu ya hekaluni iliyopita bila pembe zangu nne za chuma, na mtu akikwambia naziwasha alfajiri mno, jua huyo ni jirani yangu. Harusi isiyosikika vijiji vitatu ni harusi ya watu wanaojificha. Ndivyo tunavyoamini, na ndivyo nilivyosomesha watoto.

Mtu mmoja tu alinishinda, Bibi Thavry muuza uji wa njia panda. Ana miaka sitini na miwili, kimo kifupi, ulimi pilipili. Akiona toroli langu linakuja alikuwa akishika kifua.

"Wewe mtoto, hayo makelele yako pitisha nyuma ya shule."

"Shangazi, hazijawashwa."

"Najua. Hata zikinyamaza nazisikia."

Kwetu mtu wa namna hiyo tunasema ana moyo dhaifu. Asishtuliwe, asichoshwe, asiudhiwe. Mapigo yalipomwenda mbio dada yake alimlaza kifudifudi, akampaka zeri, akamkwangua mgongo kwa sarafu ili upepo mbaya utoke. Mistari ikiwa myekundu sana, upepo ni mwingi. Ikipauka, amepona.

Sababu tuliijua sote. Enzi za utawala wa Pol Pot, watu walipofanyishwa kazi kwa mtutu, alikuwa binti wa miaka kumi na tano, akibeba udongo kwenye ujenzi wa bwawa. Juu ya nguzo palikuwa na spika iliyoimba kutwa. Ilikuwa ikiimba vilevile siku askari walipomchukua baba yake, asirudi tena. Mzee aligeuka akasema neno, spika ikalifunika, na Thavry hajalijua mpaka leo. Mimi hutania kila kitu, ila hilo silitanii.

Miaka ishirini na minne iliyopita binti yake Kunthea aliolewa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kazi, nikawasha kabla jogoo hajawika. Mama wa bibi harusi akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Tulimkuta saa nne, kijiji cha tatu, pamba masikioni. Ule uzi mwekundu ambao mama humfunga bintiye mkononi, Kunthea alifungwa na mama yake mdogo. Bibi Thavry hakujisamehe.

Sasa mwaka jana mjukuu wake Rachana, mtoto wa Kunthea, akachumbiwa. Akasema, "Bibi, sisi hatuweki spika."

Niliposikia nilikosa usingizi, sikufichi. Lakini bibi alikasirika kunizidi. "Watu waseme umetoroshwa? Spika ziwekwe. Na mimi sitoki."

Maneno ni rahisi. Wiki ileile alianguka jikoni, Rachana akampakia kwenye pikipiki hadi zahanati. Presha ilikuwa juu kupita kiasi. Muuguzi Chanlina akamuuliza kama anameza vidonge alivyopewa safari iliyopita.

"Nameza pale mistari ya sarafu ikiwa myekundu. Ikipauka naacha. Dawa ya nini tena?"

Rachana anasema muuguzi alicheka kwanza, kisha akavuta kiti.

"Bibi, sarafu inasoma ngozi. Presha haiioni. Ile hofu ya zamani kila ikiamka, moyo unakimbia na presha inapanda. Miaka mingapi sasa? Ng'ombe ukimkimbiza hivyo atachoka, hata awe dume."

"Basi ni kweli moyo wangu dhaifu."

"Si dhaifu. Umefanya kazi ya mioyo miwili." Akamwambia akwanguliwe akipenda, ila vidonge kila siku, atembee kila siku, na hofu yenyewe wataifundisha taratibu, kwa kipimo, kama mtoto anavyofundishwa kuogelea.

Jioni yake akasimama mlangoni kwangu. Nikadhani nimeua mtu.

"Vuthy, nataka spika moja. Uiweke mbali, uisogeze kidogo kidogo."

Tukaanzia ng'ambo ya mfereji. Yeye amekaa ngazini kwake, anatoa pumzi ndefu alivyofundishwa na muuguzi, mimi kwenye swichi. Wimbo alichagua mwenyewe, wa mapenzi, wa kabla ya vita. Akiinua mkono nazima. Siku ya kwanza hata mstari mmoja wa wimbo haukuisha. Kila baada ya siku chache nilisogea nguzo moja ya umeme, na wapita njia wakaniuliza kama naoa.

Nguzo ya nne nilichoka kungoja, nikaongeza sauti bila kumwambia. Akaingia ndani, nikasikia analia. Nilijiona mpumbavu, na nilikuwa mpumbavu. Kesho yake akatoka, amekunja uso.

"Jana ulikuwa punda. Leo rudi nyuma nguzo mbili."

Nikarudi. Mpunga ulipovunwa nilikuwa getini kwake, na muuguzi alipompima presha ilikuwa imeshuka, akaambiwa asiache vidonge hata ajisikie simba.

Alfajiri ya harusi nilifunga nyaya huku nikitazama mlango wake. Bibi Thavry akatoka na sketi ya hariri ya rangi ya dhahabu, kidonge ameshameza na uji.

"Toka hapo," akaniambia, akabonyeza swichi mwenyewe.

Pembe zote nne zikaimba. Alishika kifua, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu mara tatu. Nilikuwa nimesharudi, kidole kwenye swichi. Mkono wake haukuinuka. Alipofumbua macho aliwageukia wapishi akawauliza kama wamekuja kupika au kumtazama.

Mchana ukafika wakati wa nyuzi. Akapiga magoti mbele ya Rachana, akamfunga, akambariki kwa sauti iliyonishinda mimi na mashine zangu. Watu wakadhani amemaliza. Akakata uzi wa pili.

"Kunthea, njoo hapa."

Kunthea, mama wa bibi harusi, alikuwa amebeba sinia la ndizi.

"Mama, si mimi ninayeolewa."

"Weka sinia. Lete mkono."

Akamfunga taratibu, fundo kwa fundo, vile inavyotakiwa. Kunthea alikuwa analia na kucheka, sijui kipi kilitangulia. Alisema jambo na midomo ikacheza, muziki ukalifunika. Nikaruka kwenda kuzima.

"Acha," akasema Bibi Thavry, na akasogeza sikio mpaka mdomoni kwa bintiye. "Mwanangu, sema tena."