Herufi Themanini Hadi Kituo cha Juu

Ofisini walimwita Mama Milango, na mgeni aliyelisikia jina hilo alitarajia kukutana na seremala. Badala yake alimkuta mwanamke mfupi wa miaka arobaini na saba, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, amekalia kiti ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Mbao hakuzijua. Milango yake ilikuwa mbali, kandokando ya mto, na hakuna hata mmoja uliokuwa na bawaba.

Mto ule ulikuwa na vituo thelathini na kimoja vya kupimia maji. Kila kituo kilikuwa kibanda cha bati chenye antena juu, na ndani yake kompyuta ndogo kama sanduku la viatu. Kompyuta hiyo ilipima kina cha maji na kuandika namba kwenye faili, mchana na usiku, bila likizo wala manung'uniko, jambo ambalo katika idara ile halikuwahi kushuhudiwa kwa kiumbe mwingine yeyote. Mama Milango aliwafikia watumishi hao bora kwa programu aliyoiandika mwenyewe, akisaidiwa na maktaba. Maktaba hii si ile ya vitabu na mzee wa kukunyamazisha. Ni kazi ngumu ambazo watu wengine wamekwisha kuziandika, wewe unazikuta tayari, unaagiza tu: nenda kituo fulani, bisha hodi, ingia, niletee faili. Kila robo saa programu ilizunguka vituo vyote. Namba za Kituo cha Juu, kule mto unakoanzia, zikipanda nusu mita ndani ya saa moja, honi ililia sokoni chini ya daraja, na watu wakapata saa tatu za kuokoa mali na roho zao.

Kazi hiyo alikuwa nayo mwaka wa tisa, na bado kila asubuhi nywele za mikono zilimsimama. Kilichomsisimua ni kile kinachotokea kabla mlango haujafunguka. Kompyuta ya ofisini na ya kituoni, hata zikiwa na kilomita arobaini katikati, husalimiana hadharani, mahali ambapo kila mwenye masikio anaweza kutega. Hupeana namba mbele ya kadamnasi. Kisha kila moja hupiga hesabu zake kimyakimya, na zote mbili huibuka na siri moja ileile ambayo haikutamkwa na yeyote. Aliyesikiliza neno kwa neno anaondoka mikono mitupu.

"Mimi na wewe tuna miaka ishirini na miwili ya ndoa," alimwambia mumewe, "na bado ukininong'oneza jambo, jirani analijua kabla yangu."

Mumewe, fundi cherehani mwenye kibanda hukohuko sokoni chini ya daraja, alikata uzi kwa meno. "Hizo mashine zako hazina wakwe, ndiyo maana."

Mambo yalikwenda hivyo hadi mkuu wa idara aliporudi kutoka semina. Watumishi walimwita Bwana Mkakati, kwa kuwa neno hilo alilitia katika karibu kila sentensi kama watu wengine watiavyo chumvi. Semina ilikuwa ya siku tatu, na ilimrudisha na mkoba, kalamu mbili na hofu mpya.

"Mama, kimkakati, funguo zote zibadilishwe kabla ya Ijumaa. Kuna wadukuzi."

"Zitabadilishwa, bosi. Ila mvua zimeshaanza huko juu."

"Wadukuzi hawasubiri kiangazi."

Kwa mara ya kwanza mwaka ule, alikuwa amesema jambo la maana.

Basi Alhamisi mchana Mama Milango akakaa kwenye kiti chake cha waya. Kila kituo kilikuwa na faili la makufuli: mwenye ruhusa huweka humo kufuli lake, na ufunguo wa kulifungua hubaki naye mwenyewe. Aliandika programu ya mistari kumi na mmoja. Iingie kwa ufunguo wa zamani, ifute makufuli yaliyomo, iweke kufuli jipya. Akaijaribu kwenye kituo cha kwanza kwenye orodha, kilicho nyuma ya ofisi. Akabisha kwa ufunguo mpya, mlango ukafunguka bila hata kukohoa. Akafurahi, akaiachia programu vituo thelathini vilivyobaki. Ilichukua sekunde arobaini.

Akabisha cha pili. Akakataliwa. Cha tatu, akakataliwa. Jasho likamtoka mpaka nyuma ya magoti.

Kosa lilikuwa dogo kiasi cha kutia aibu. Alikuwa ameiambia programu ilisome kufuli jipya upya kila inapofika kituoni. Lakini programu ikishasoma faili hadi mwisho hubaki imesimama palepale mwishoni, na ukiiambia isome tena, inaendelea pale ilipoishia, yaani pasipo na kitu. Kituo cha kwanza kilipewa kufuli. Thelathini vilipewa ukurasa mweupe. Alikuwa amefuta orodha thelathini za wenyeji na kuandika badala yake: hakuna mtu, asiingie yeyote, hata mwenye nyumba.

Akashika kichwa. Kisha akakiachia, akasogeza uso hadi pua ikakaribia kugusa kioo. Kila anayefundishwa kazi hii huambiwa kwamba ukimaliza, funga. Yeye hakuwa amefunga. Mistari kumi na mmoja, na hakuna hata mmoja uliosema funga! Na aliyekwisha ingia ndani hatolewi kwa sababu tu kufuli la mlango limebadilishwa. Nyuzi zote thelathini za mawasiliano zilikuwa bado hai. Alikuwa amefungiwa nje ya vibanda thelathini, huku amesimama ndani ya vyote kwa wakati mmoja.

"Mtu asiguse waya!"

Bwana Mkakati aliganda mkono ukiwa kwenye soketi, birika la umeme kwapani. "Nataka chai tu."

"Bosi, chomoa hicho kidubwasha cha mtandao uone. Chai utakwenda kuinywa mtoni."

Mkono ukarudi taratibu, kama wa mtu aliyekuwa akimpapasa nyoka. Mama Milango akaanza kuandika kufuli jipya kupitia nyuzi zilezile, kituo kwa kituo, midomo ikihesabu. Kumi. Kumi na tisa. Ishirini na tisa. Kila kimoja alikijaribu kwa ufunguo mpya, kila kimoja kikamkaribisha.

Cha thelathini kilikuwa Kituo cha Juu, na uzi wake ulikuwa umekufa. Wakati akihangaika na vingine, mvua kubwa ilikuwa imeinyamazisha antena kwa dakika moja. Antena ilirudi, uzi haukurudi, na mlango ukabaki umefungwa kwa walimwengu wote. Kompyuta ilikuwa mle ndani, nzima, ikiandika namba zake kwa uaminifu, na hakukuwa na wa kuzisoma.

"Si upige tu honi?" Bwana Mkakati aliuliza.

"Mwaka juzi ulipiga kwa kukisia. Soko zima likapanda kilima na mizigo, jua likawaka mpaka jioni. Ukaandika waraka mwenyewe: hakuna honi bila namba. Na sasa wakiisikia bila sababu, safari ijayo watakaa watucheke."

Alimpigia simu mlinzi wa Kituo cha Juu, mama aliyekaribia miaka sabini, aliyeishi katika chumba kilichoungana na kibanda chenyewe, hatua chache kutoka ukingoni. Zamani alikuwa karani wa simu za maandishi posta.

"Shikamoo mama. Mto unauona?"

"Marahaba mwanangu. Nione wapi? Mvua imefunga, hata kamba yangu ya nguo siioni. Nausikia tu."

"Unasemaje?"

"Unaguna, kama mzee aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi."

"Mama, kwenye kabati la chuma kuna kioo, kibodi na bahasha yenye lakiri. Vichomeke, ufungue bahasha. Kuna maelezo ya kuingia na ya kutoka. Simu yako ina chaji?"

"Kistari kimoja. Chaja ililiwa na panya, na panya hakufa, mwana kharamu."

Kufuli jipya lilikuwa na herufi themanini, kubwa na ndogo zimechanganyika na tarakimu, bila neno hata moja la kibinadamu. Mama Milango akaanza kuzisoma kwa sauti. Kufika herufi ya saba mlinzi alimkatiza.

"'Kubwa, ndogo, kubwa, ndogo' inatupotezea muda. Kubwa sema mama, ndogo sema mtoto."

"Sawa. C mama. Tatu. N mama. z mtoto."

Bwana Mkakati alisimama kama aliyekalia kaa la moto. "Unatangaza siri za idara kwenye simu! Na dirisha liko wazi!"

"Siri iko wapi? Hili ni kufuli, bosi. Ningeweza kulisoma sokoni kwa kipaza sauti. Atakayelisikia atajua kufunga tu, kufungua hawezi. Ufunguo haujawahi kutoka ndani ya kompyuta hii, wala hautatoka." Akarudi kwenye simu. "l mtoto, mama. Mtoto wa laini, si tarakimu moja."

Bwana Mkakati akakaa. Alilitazama lile dirisha lililo wazi, akaitazama kompyuta. Semina ilikuwa imempa michoro sitini na minne, na hakuna hata mmoja uliomwambia hili. "Yaani dunia nzima isikie, na bado isiweze?"

"Dunia nzima, bosi."

"Nani aligundua?"

"Watu wa hesabu."

"Mimi hesabu nilipata tisa," alisema polepole, "kati ya mia." Haikuwa na mkakati wowote, na ilisikika kama sala.

Herufi ya themanini ilipoandikwa, Mama Milango alisema, "Sasa bonyeza—"

"Subiri. Posta hatukutuma kitu bila kurudia." Na mlinzi akasoma herufi zote tangu mwanzo, kwa sauti tambarare ya karani, mama, mtoto, mtoto, mama, nyuma yake mto ukiguna. Alipofika ya hamsini na tatu, Mama Milango aliruka. Palikosekana herufi moja. Wakaitia. Akaendelea hadi mwisho. "Nabonyeza. Tayari. Sasa mwa—"

Simu ikazima.

Mama Milango aliiagiza programu ibishe hodi. Kompyuta mbili zikasalimiana juu ya kilomita arobaini za mvua, zikapeana namba zao hadharani, zikajitenga, zikapiga hesabu. Ilikuwa nusu sekunde. Kisha mlango ukafunguka, na Bwana Mkakati, asiyejua alichokuwa akikitazama, alivua kofia.

Faili likaja. Mita mbili na kumi. Mbili na ishirini na tano. Mbili na sitini. Tatu na tano. Kati ya namba na namba, robo saa. Programu haikungoja mtu. Honi ililia sokoni. Dakika mbili baadaye mumewe akapiga simu akihema. "Nina cherehani mbili mabegani, usiniulize kitu. Huku wote wanapanda." Akakata.

Lakini Mama Milango hakupumua. Chumba cha mlinzi kilikuwa hatua chache kutoka ukingoni, na simu ilikuwa imekufa. Akaiuliza kompyuta ya Kituo cha Juu: humo ndani mko wangapi? Ikajibu kwa mistari miwili. Mmoja ulikuwa yeye, aliyeingia kutoka mbali. Wa pili ulikuwa mtu aliyekaa mbele ya kibodi yenyewe.

Akaandika ujumbe, akaamuru uchapwe kwenye kioo cha kule: MAMA, MAJI YAMEPANDA KARIBU MITA MOJA NA BADO YANAPANDA. TOKA SASA HIVI. PANDA JUU. SOKO LIMESHAAMBIWA.

"Ataona?" Bwana Mkakati alinong'ona, kana kwamba sauti yake ingeuvuruga mto.

"Sijui."

Akauliza tena. Mistari miwili. Akahesabu hadi ishirini, akauliza. Miwili. Lakini pembeni ya mstari wa pili kompyuta iliandika muda tangu kibodi iguswe, na ule muda ulisema: sekunde tatu. Kule, ndani ya mvua, vidole vilikuwa vinafanya kitu.

Akauliza tena.

Mstari mmoja.

Mlinzi hakuwa ameangusha kiti na kukimbia tu. Alifuata karatasi ya bahasha, akatoka kwa utaratibu, akafunga kazi.

"Kapotea?" Bwana Mkakati aliuliza.

"Ametoka."

Ndani ya kibanda cha juu alibaki Mama Milango peke yake, miguu mikavu kwenye sakafu ya ofisi, akisoma maji yalivyopanda. Tatu na thelathini. Tatu na hamsini na tano. Nywele za mikono zilikuwa zimemsimama, na hakuzilaza.