Jagi la Achieng'

Juzi niliingia darasa la chekechea katika shule ya serikali huko Kawangware, nikamkuta binti yangu akimimina maharagwe kutoka jagi moja hadi lingine, mwalimu ametulia kando.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni Kibera, harufu ya omena, dagaa wa ziwani, kila mahali, binamu yangu Achieng' akinionyesha alichofunzwa kwenye shule yao ya Montessori, ambako watoto hujifunza kwa kutenda wenyewe. Alimimina maji kutoka kwenye jagi, yakamwagika, akapangusa mwenyewe.

“Hamchapwi?” nikamuuliza.

“Tuchapwe juu ya nini?”

Shuleni kwetu tuliimba herufi, mikono nyuma. Kwa wivu nikamwambia wanamfunza uyaya tu. Akachukua paketi ya unga, akaisoma yote, na mimi bado sikujua kusoma hata neno moja.

Juzi mle darasani nilinyoosha mkono nimsaidie binti yangu.

“Mum, wacha! Hii ni kazi yangu.”

Nikarudisha mikono nyuma, kama zamani, na wivu ukanirudia.