Begi Chini ya Meza

"Yule anajua ndege ilipo," mshonaji wa chumba cha mwisho alisema, pini mdomoni. "Watu mia na tisa wapotee kama sindano? Halafu kutwa anahesabu vibanio vyetu vya nguo kambani. Utaniambia huo si uchawi?"

"Shoga, labda anatafuta vyake ulivyojisahau navyo," mama wa mtoto mchanga akamjibu, akaendelea kuanua nepi.

Macho hayana pazia, na mlango wa mama huyo ulitazamana na wa Fundi Ndege, yule fundi wa injini za ndege waliyekuwa wakimsema. Wiki ya saba sasa tangu ndege ile ipae asubuhi isifike, wala kipande chake kisionekane. Fundi huosha kikombe kilekile mara mbili. Huchemsha maji, yakakauka jikoni. Hajalia hata siku moja. Chumba chake anakifagia, ila ufagio huliambaa begi la kazi lililo chini ya meza, likiota vumbi.

Mchana huo mama alimpelekea uji, mtoto mgongoni. Fundi akaanza kusema bila kuulizwa, sauti bapa kama anayesoma tangazo.

"Kwetu kazini, mwanangu, anayefunga injini siye anayekagua. Mimi nahesabu vifaa, mwenzangu anahesabu tena, ndipo tunasaini wawili. Spana ikisahaulika ndani ya injini, ni roho za watu. Asubuhi ile mwenzangu alikwenda kunywa chai. Nikasaini pangu, nikasaini na pake. Sikuhesabu. Mazoea yana taabu."

"Na begi, baba?"

"Nilikuja nalo. Habari ikanikuta hapo mlangoni, sijalifungua tena. Kesho wachunguzi wanalitaka."

"Huenda vyote vimo."

"Huenda."

Uji ulishika utando. Fundi akalisogeza begi kwa mguu hadi miguuni pa mama, akatoa mfukoni karatasi iliyochakaa kwenye mikunjo: vifaa kumi na saba, kila kimoja na mstari wake.

"Kusoma unajua?"

"Niliishia la saba, baba."

"Inatosha. Nikihesabu mimi nitakiona hata kisichokuwemo." Akageuza kiti, akautazama ukuta. "Fungua wewe, mwanangu. Toa kimoja kimoja, ukitaje kwa sauti. Na kikipungua, usinionee huruma. Niambie."